Kamba ya Kisima: Shajara ya Mradi wa Maji na Mifugo, Langoni, Lamu

Masika yalipoanza, mtoto wa dada yangu mwenye miaka miwili aliharisha siku nne, na siku ya tatu tukaona damu. Wiki hiyohiyo vitoto viwili vya mbuzi wa jirani vilihara maji meupe vikafa, na vifaranga vya nyumba ya nyuma vikawa vinasimama vimejikunyata, mkia umegandamana na kinyesi. Watu wa uani walisema ni mvua, kila masika ndivyo. Mtoto alipona, alhamdulillahi, kwa maji ya chumvi na sukari tuliyomnywesha kijiko kwa kijiko usiku kucha (lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi) na kwa vidonge vya zinki. Mimi sikutulia. Binadamu, mbuzi na kuku kuumwa matumbo wakati mmoja, wote wakitumia kisima kimoja, si jambo la kuachia mvua. Ndipo sisi watu wa nyumba nne tukaanza kazi hii, nami nikapewa daftari.

Siku ya 1

Kisima kiko uani, katikati ya nyumba zetu. Kimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mdomo wake upana wa mita 1.2, na maji leo yana kina cha mita 1.5. Nilipima kwa uzi wenye jiwe. Maji yake ni ya chumvichumvi. Ya kunywa tunategemea ya mfereji (bomba), yanayotoka kwenye visima vya michanga ya Shela, ambako vilima vya mchanga hunywa mvua na kuyahifadhi maji matamu juu ya maji ya bahari. Lakini mfereji ukikauka siku mbili, kisima hiki ndicho tunachokimbilia, hata kwa sharubati ya ukwaju. Na mfereji uwe na maji au usiwe nayo, vyombo huoshwa kwa maji ya kisima, na watoto husukutua kwayo.

Choo cha karibu kiko hatua 11 kutoka kisimani. Bwana afya hutuambia mita 30. Hapa Langoni nyumba zimegusana mabega, hakuna wa kuhamisha choo wala kisima, kwa hiyo umbali huo nimeuandika kama ulivyo na kuendelea.

Wanyama: punda watatu wa ami yetu, wanaobeba mawe na mchanga, mbuzi sita, kuku wasiohesabika kwa sababu wanalala kila mahali.

Siku ya 3

Chupa zimefika. Rafiki yangu wa zamani wa shule, ambaye sasa ni fundi wa maabara, ametuandalia chupa ndogo zenye kipande cha karatasi kilicholoweshwa dawa na kukaushwa. Jaribio hili lilitangazwa na watafiti wa India mwaka 1982, na ninalipenda kwa sababu halitaki umeme wala jokofu. Unatia maji, unafunga, unaweka mahali penye joto, na joto la Lamu linatosha. Bakteria wengi wanaokaa matumboni mwa watu na wanyama huzalisha gesi ya salfa, ile yenye harufu ya yai viza. Gesi ikikutana na madini ya chuma yaliyo kwenye karatasi, maji hugeuka meusi kama wino. Yakiwa meusi ndani ya siku moja uchafu ni mwingi. Yakichukua siku mbili ni mchache zaidi.

Chupa haikutajii jina la bakteria. Inakwambia tu kwamba yaelekea kinyesi cha fulani, mtu au mnyama, kimeonana na maji haya. Na ikishakuwa nyeusi ni hatari, imejaa walewale tunaowakimbia. Tumekubaliana kila chupa nyeusi itiwe jiki, ikae, ndipo imwagwe chooni, na hakuna mtoto wa kuigusa.

Nimejaza sita: mbili za kisima, moja ya mfereji, moja ya birika (tangi la kujengwa la kuwekea maji) la nyumba ya mashariki, moja ya dumu la jikoni kwetu, na moja ya maji yaliyochemka vizuri, ya kulinganishia.

Siku ya 4

Kisima: nyeusi zote mbili, kabla ya adhuhuri. Dumu la jikoni jeusi kufikia magharibi. Mfereji na maji yaliyochemshwa bado ni meupe.

Nilimpelekea dada yangu chupa ya kisima aione kwa macho yake. Alinyamaza, akaenda kumwaga maji yote ya ndoo ya kuoshea vikombe.

Siku ya 5

Birika nalo limegeuka leo, taratibu. Mfereji na ya kulinganishia zimebaki safi.

Siku ya 7

Daktari wa mifugo alipita kuwaona mbuzi. Alikaa nasi zaidi ya saa moja, na nimejaribu kuyaandika yote kwa sababu yalinipangua mawazo.

Kwanza, vile vitoto vya mbuzi. Kuhara kweupe kwa siku za mwanzo za uhai mara nyingi ni kazi ya ikolai, bakteria ambaye aina zake nyingi huishi matumboni bila kudhuru na chache ni wauaji. Kitoto cha mbuzi huzaliwa karibu bila kinga damuni. Kinga yake iko katika dang'a, maziwa ya kwanza ya mama. Na mlango wa utumbo unaopitisha kinga hiyo huanza kufungwa baada ya saa chache, ukipita usiku na mchana mmoja umeshafungwa kabisa. Jirani alikuwa akimfunga mama mbali ili "maziwa machafu ya mwanzo" yamwagwe kwanza. Alivyosikia aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemlaumu, alifundishwa hivyo na waliomtangulia.

Pili, tulimuuliza kama mbuzi ndio waliotuletea homa ya matumbo iliyompata kijana wa nyumba ya tatu mwaka jana. Akasema hapana. Salmonela wa homa ya matumbo hana makazi isipokuwa binadamu. Anaweza kujificha katika mfuko wa nyongo wa mtu aliyepona, akatoka chooni mwake miaka na miaka. Shigela wa kuhara damu vilevile ni wa watu. Lakini zipo salmonela nyingine nyingi zinazokaa kwa kuku, mbuzi, hata punda, na mnyama anaweza kuzitoa kwenye kinyesi huku anakula na kufanya kazi kama kawaida. Na kuku ana mgeni wake mwingine, kampilobakta, anayependa joto la kama nyuzi 42, ambalo ndilo joto la mwili wa kuku. Kuku hata haumwi. Anayeumwa ni mtoto anayetambaa palipo kinyesi chake, au anayekula kachumbari iliyokatiwa kwenye ubao uliokatiwa kuku mbichi.

Kwa hiyo damu ya mtoto wetu ingeweza kutoka kwa mtu, au kwa kuku, au kwa mbuzi. Bila kupima choo chake hakuna wa kujua, na zahanati tuliyompeleka haikupima, ilitoa dawa tu. Hili bado linaniuma, kwani ziko ikolai za kuhara damu ambazo dawa ya kuua bakteria inaweza kumzidishia mtoto madhara ya figo. Mtoto anayehara damu apimwe.

Siku ya 8

Ami amekiri kwamba mwezi uliopita punda mmoja alipolegea alimpa unga wa dawa ya kuku, ile ya njano ya kutia majini. Nikampigia daktari. Akashtuka. Punda humeng'enya majani yake kwenye utumbo wa nyuma kwa msaada wa bakteria wema. Dawa ya aina hiyo ikiwaua, wabaya hupata nafasi, na punda anaweza kuharisha hadi kufa. Wa ami alinusurika. Tumeandika kwa chaki kwenye ukuta wa zizi: dawa ya kuku ni ya kuku.

Siku ya 9

Tumetia dawa kisima. Hesabu naiweka hapa ili mwingine asianze upya. Nusu ya upana ni mita 0.6; 0.6 mara 0.6 mara 3.14 mara kina 1.5 ni karibu mita za ujazo 1.7, yaani lita 1,700. Kusafisha kisima tulikusudia miligramu 50 za klorini kwa kila lita: gramu 85. Unga wa klorini tuliopewa na bwana afya una nguvu ya asilimia 65, kwa hiyo unga wenyewe ni gramu 130. Tuliukoroga ndooni kwanza, tukauacha utuame, tukamimina maji ya juu kisimani kwa kuzunguka, tukaosha na kuta. Kisima kikafunikwa usiku kucha. Kesho yake vijana walichota na kumwaga mpaka harufu ikapungua.

Mwenye birika alitaka naye atiwe. Tukamzuia, kwa sababu birika lake lina samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na klorini ingewaua. Lake litapigwa brashi kwa mkono, samaki wakiwa wamehamishwa.

Siku ya 11

Chupa za kisima: safi. Usiku huu uani palikuwa na furaha nisiyoweza kuieleza.

Siku ya 12

Harusi mtaa wa pili. Makombo ya wali yalimwagwa nyuma ya ukuta, mbuzi wakala mpaka wakashindwa kusimama. Asubuhi mmoja, aliyenona kuliko wote, alikutwa amekufa, tumbo limevimba. Daktari anasema chakula kingi cha wanga kwa ghafla kinaweza kumuua mbuzi kwa asidi tumboni, au kwa klostridia, bakteria ambaye kwa kawaida yumo utumboni kwa uchache na hana shida na mtu. Akipata wanga mwingi huongezeka kwa kasi na kumwaga sumu. Chanjo yake ipo, hudungwa mara mbili kwa kupishana wiki kadhaa, kisha kila mwaka. Ya harusi ijayo: makombo kwenye pipa lenye kifuniko. Nyama ya yule mbuzi ilizikwa, ingawa ilibidi tuzungumze sana.

Siku ya 14

Chupa za kisima nyeusi. Zote mbili, kwa siku moja, kama mwanzo.

Jirani wa nyumba ya tatu alisema tumepoteza dawa ya watu. Sikuwa na jibu. Klorini haikai, ikishakutana na tope, majani na uchafu inaisha, na baada ya siku chache hakuna kinachoyalinda maji. Kwa hiyo palikuwa na kitu kinachorudisha uchafu kila siku, na kwa haraka. Kama ni choo kinachopenya ardhini, ningetegemea urudi polepole. Nililala na fikira hiyo.

Siku ya 16

Nilikaa barazani tangu baada ya sala ya alfajiri hadi magharibi, kazi yangu ni kukitazama kisima tu. Ninayaandika kwa utaratibu nilioyaona.

Kijana wa ami alikuja kuwanywesha punda. Alichota, akaweka ndoo chini, punda akatumbukiza mdomo hadi puani, akanywa nusu. Ndoo ileile ikarudi kisimani. Mara tisa. Kwato za punda zimesimama juu ya kamba.

Mama mmoja alileta kuku aliyekwisha kuchinjwa, akamnyonyoa na kumtoa matumbo pale kwenye sakafu ya kisima, maana ndipo penye maji. Alisafisha vizuri sana, akamwaga ndoo tatu. Maji yale ya damu yalitiririka hadi kwenye bonde dogo la sakafu, ambalo ndilo mahali kamba inapokunjwa. Mbuzi wakaja kulamba. Mbuzi mmoja akaacha vidonge vyake palepale.

Mtoto wetu, huyuhuyu aliyeumwa, alikuja na kuketi, akaokota ncha ya kamba iliyolowa na kuinyonya. Nilikimbia kumnyang'anya. Nilitetemeka, kwa kuwa najua si mara yake ya kwanza.

Kamba yenyewe ni ya usumba (nyuzi za kumbi la nazi), nene, ya miaka. Usumba hunywa maji na hauyaachi. Katikati ya nyuzi hapakauki hata jua la saa saba. Hadi adhuhuri nilihesabu imeshuka kisimani mara 46, na kila mara pima moja na zaidi ya kamba iliyolala sakafuni inazama majini na kujisuuza humo.

Tulikuwa tunayatibu maji, na ugonjwa uko kwenye kamba.

Siku ya 17

Jaribio. Nilichemsha maji, nikayapoza yakiwa yamefunikwa, nikayagawa kwenye sufuria mbili zilizochemshwa nazo. Moja nilitumbukiza ncha ya kamba kwa kuhesabu hadi kumi. Nyingine sikuigusa. Chupa moja kwa kila sufuria.

Siku ya 18

Ya kamba ilikuwa nyeusi kabla hatujanywa chai ya asubuhi. Nyingine kama ilivyo. Niliziweka zote mbili juu ya baraza, kila apitaye akatazama, na jirani wa nyumba ya tatu ndiye wa kwanza kuuliza kamba ya nailoni ni shilingi ngapi.

Siku ya 19

Bibi wa nyumba ya magharibi hakukubali kwamba kisima ni kichafu. "Mwanangu, mai haya wazee wetu wametawadhia. Rangi yake ile ile, tamu yake ile ile." Sikutaka kubishana naye, nikamwomba twende wote kwa maalim.

Maalim alisikiliza, akatazama chupa. Akasema kwa madhehebu yetu ya Kishafii mavi ya mnyama yeyote ni najisi, hata wa kuliwa; lakini maji yaliyofika qulla mbili, ambazo ni kama lita 200 hivi, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Kisima chetu kimepita kiasi hicho mara nyingi. Kwa hiyo bibi amesema kweli, udhu wake wa miaka yote ni sahihi. Kisha akamgeukia: "Tohara ni ya sala. Hii chupa yasema habari ya tumbo la mtoto, na kumdhuru mtoto si halali." Bibi aliitikia. Tuliporudi alikuwa wa kwanza kufagia sakafu ya kisima.

Nimeliandika hili kwa urefu kwa sababu naona miradi mingi huvunjika hapa. Mtu akisikia kisima cha msikiti au cha babu yake kinaitwa kichafu, husikia dini yake na wazee wake wametukanwa. Nilipojifunza kutenganisha maneno hayo mawili, mazungumzo yalikuwa mepesi kila nyumba.

Siku ya 21

Kazi ya mikono. Fundi wa jahazi wa Matondoni ametupa kapi la mbao lililotoka kwenye chombo kilichovunjwa, zito, bado zima. Tumesimamisha boriti mbili za mkoko juu ya kisima na kulitundika. Kamba mpya ya nailoni inapita kapini na kuishia kwenye msumari ukutani, juu ya kimo cha mtoto na pua ya mbuzi. Ndoo ni moja, imefungwa kambani, haishuki sakafuni. Maji humiminwa kutoka humo kwenye chombo cha mtu. Mfuniko wa mbao. Kisima kimetiwa klorini tena kwa hesabu ileile.

Punda wananyweshwa kwenye karai upande wa zizi. Kuku ananyonyolewa nyuma ya nyumba ya mashariki, penye mtaro. Hili la kuku lilikuwa gumu kuliko yote, maana linamaanisha kubeba maji, na wanaobeba ni wanawake. Tulikubaliana wavulana wabebe. Sijui kama itadumu, nitaandika.

Siku ya 27

Kisima: safi siku ya kwanza, na safi siku ya pili.

Mzee mmoja wa Matondoni alituletea maji ya kisima chake kilicho karibu na mikoko. Chupa iligeuka nyeusi, lakini maji yalikuwa na harufu ya tope la mikoko hata kabla ya kutiwa. Tope hilo lina gesi ileile ya salfa, hata pasipo kinyesi. Nimemwambia chupa zetu hazimfai, apeleke maji maabara yakapimwe ikolai yenyewe. Maji ya kunywa hayatakiwi kuonekana nayo hata mmoja katika mililita 100.

Siku ya 33

Kisima: moja safi, moja imekuwa nyeusi siku ya pili jioni. Nilikuta ndoo imewekwa chini, mgeni hakujua. Tumechora alama ukutani.

Wavulana wamebeba maji ya kuku mara nne kati ya tano.

Siku ya 38

Kisima: safi zote. Lakini nilirudia dumu la jikoni kwetu, lililojazwa kutoka kisima hikihiki kilicho safi: jeusi, siku moja. Niliingiza kidole shingoni mwa dumu, nikatoa utelezi wa kijani. Shingo ni nyembamba, mkono hauingii, na dumu hilo limekuwa nasi tangu sijui lini. Kikombe cha kuchotea huwa juu yake, kimelala kwenye vumbi la kuku.

Nyumba nne zina madumu 19. Kesho asubuhi tunayasugua yote, ila moja la kulinganishia, kwa changarawe na maji ya jiki, tunayatikisa mpaka utelezi utoke, na yatakayokuwa yamepasuka ndani hayatarudi jikoni. Chupa zilizobaki ni saba. Nitajaza nne kutoka madumu yaliyosuguliwa, moja kutoka lisilosuguliwa, na mbili naziweka hadi mvua kubwa inyeshe, maji ya uani yafike usawa wa mdomo wa kisima.